Mama Aliyerudi Uwanjani

Yako maswali mawili ambayo sisi wauguzi tunaulizwa mara kwa mara, kliniki na hata katika vikundi vya akina mama kanisani. La kwanza huulizwa na mama kijana, mtoto wake wa kwanza akiwa mapajani: "Sasa nimezaa, je, kazi yangu ndiyo basi?" La pili huulizwa na mzazi ambaye binti yake ameumia goti mchezoni: "Ameanza kutembea vizuri, kwa nini daktari anasema bado miezi mingi?"

Mwezi huu tutayajibu yote mawili kwa kuutazama mwendo wa maisha ya mwanamke mmoja wa Uholanzi aliyepata riziki yake kwa kucheza mpira wa mikono. Anaitwa Estavana Polman. Alipanda, akazaa, akarudi, akawa wa kwanza duniani, kisha goti likamwangusha. Yote haya yalimpata kabla hajafikisha miaka thelathini.

MCHEZO WENYEWE

Baadhi yetu tuliosoma sekondari tumeuona mpira wa mikono katika mashindano ya shule. Kwa wasioujua, ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji saba saba uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda mlango. Kiwanja kina urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na mechi ni ya dakika 60 katika vipindi viwili. Mchezaji hushika mpira kwa mkono. Akiisha kuushika anaruhusiwa hatua tatu tu na sekunde tatu, kisha lazima adunde, atoe pasi au apige.

Mbele ya goli umechorwa mstari wa mita sita ambao mshambuliaji haruhusiwi kuukanyaga. Kwa hiyo yeye huruka kutoka nje ya mstari, huupiga mpira akiwa angani, kisha hutua katikati ya watu wanaomsukuma. Katika mechi moja mchezaji huruka, hutua, husimama ghafla na kugeuka mara nyingi mno. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hilo la kutua, maana tutalirudia tutakapofika kwenye goti.

BINTI WA ARNHEM

Estavana alizaliwa tarehe 5 Agosti 1992 katika mji wa Arnhem, mashariki mwa Uholanzi. Siku hizo nchi yake haikuwa tishio kwa mtu yeyote katika mchezo huu. Wakubwa walikuwa Norway, Denmark, Urusi na wenzao, na ligi ya nyumbani haikuwa na fedha za kumlipa msichana mshahara wa kumwezesha kuishi kwa mchezo tu.

Waholanzi walifanya jambo moja la busara. Mwaka 2006 walianzisha chuo cha mpira wa mikono katika kituo cha michezo cha Papendal, hapo hapo Arnhem. Mabinti wenye vipaji walikusanywa, wakaishi pamoja, wakawa wanasoma shule na kufanya mazoezi kila siku. Estavana alikuwa mmoja wao. Wasichana waliokulia pale ndio baadaye waliokuwa nguzo ya timu ya taifa, miongoni mwao Lois Abbingh, ambaye tutakutana naye tena, na mlinda mlango Tess Wester.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba kipaji hujikuza chenyewe kama magugu. La hasha. Hawa walipandwa kitaluni, wakamwagiliwa, wakapaliliwa, na mavuno yalichukua miaka tisa kuonekana.

Kama walivyo vijana wetu wanaokwenda mbali kutafuta kazi, naye aliondoka kwao. Mwaka 2013 alijiunga na klabu ya Team Esbjerg nchini Denmark. Esbjerg ni mji wa bandari ulio pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Huko Denmark mpira wa mikono wa wanawake una heshima yake: kumbi hujaa watazamaji, mechi huonyeshwa katika televisheni, na mchezaji hulipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine. Mwaka 2016 Team Esbjerg ilitwaa ubingwa wa Denmark kwa mara ya kwanza katika historia yake.

MIAKA YA KUKOSA KIDOGO

Upande wa timu ya taifa, Estavana na wenzake walionja uchungu mwingi kabla ya utamu. Desemba 2015 Uholanzi ilifika fainali ya dunia kwa mara ya kwanza, katika mji wa Herning nchini Denmark. Walifungwa na Norway 31 kwa 23. Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, walifika nusu fainali wakafungwa na Ufaransa kwa bao moja, 24 kwa 23. Walipocheza kuwania medali ya shaba wakakutana tena na Norway, wakafungwa 36 kwa 26. Wakarudi nyumbani wakiwa wa nne, mikono mitupu. Desemba mwaka huo huo walifika fainali ya Ulaya huko Gothenburg, Sweden. Waliyemkuta mlangoni ni nani? Norway. Safari hii walikosa kwa bao moja, 30 kwa 29.

Hebu tuhesabu. Katika mwaka mmoja tu, mashindano makubwa matatu, na mara zote tatu safari yao iliishia mikononi mwa Norway. Wako watu ambao wangesema bahati haipo, tuache. Wao waliendelea na mazoezi.

MWAKA WA MTOTO

Mwaka 2017 Estavana alijifungua mtoto wa kike. Baba wa mtoto ni Rafael van der Vaart, mchezaji mashuhuri wa soka aliyekuwamo katika kikosi cha Uholanzi kilichocheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010.

Mama alikuwa katikati ya umri wa miaka ya ishirini, umri ambao mchezaji huwa anaelekea kileleni. Katika kazi nyingi tunazozijua, hapo ndipo mwanamke huanza kusikia minong'ono. "Huyo sasa ni wa mtoto." "Mwili ule haurudi." "Nafasi yake apewe mwingine." Na minong'ono hiyo haitoki kwa mabosi peke yao. Mara nyingi hutoka kwa mama mkwe, kwa mawifi, na hata kwa sisi wenyewe akina mama tuliokwisha pita njia hiyo.

Kwa Estavana, jina la klabu lilikuwa lile lile kabla ya mtoto na baada ya mtoto: Team Esbjerg. Nafasi yake ilikuwapo aliporudi.

Jambo jingine ni la baba. Van der Vaart alikuwa amecheza Amsterdam, Hamburg, Madrid na London, miji mikubwa yenye majina makubwa. Mwaka 2016 alikwenda Denmark kuchezea FC Midtjylland, na mwaka 2018 akajiunga na Esbjerg fB, klabu ya mji ule ule aliokuwa akifanyia kazi mama wa mtoto wake. Mwishoni mwa mwaka huo akaacha soka. Sisi tumezoea kuona mke akifungasha mizigo kumfuata mume alikohamishiwa kazi, na hatuoni ajabu. Hapa tunamwona mwanamume mwenye jina akimalizia kazi yake katika mji wa kazi ya mwanamke, wala hadhi yake haikupungua kwa hilo.

MWILI BAADA YA KUJIFUNGUA

Tuweke mpira kando kidogo, tuseme kama wauguzi. Mama anaporudi kazini baada ya kujifungua, iwe ni uwanjani, shambani, sokoni au ofisini, mwili wake haujawa ule wa zamani, na haupaswi kuharakishwa.

Wakati wa mimba, vichocheo vya mwili hulegeza kano, zile kamba ngumu zinazounganisha mifupa, ili nyonga ipate kufunguka. Ulegevu huo hauondoki siku ile mtoto anapozaliwa. Misuli ya tumbo imevutwa kwa miezi mingi. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kutoka chini, imebeba mzigo na kupanuka. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda ambacho ngozi yake hupona upesi, lakini ndani huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mpango wa kurudi huenda kwa ngazi:

Wiki za mwanzo ni za kupumzika, kunyonyesha na kutembea kidogo kidogo nyumbani. Bibi zetu waliotunza arobaini walijua walichokuwa wakifanya.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga huweza kuanza mapema, hata kitandani, ikiwa hayaleti maumivu. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa, hesabu mpaka tano, legeza, kisha rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Hakuna atakayejua kwamba unafanya mazoezi.

Baada ya wiki sita nenda ukapimwe, wewe na mtoto. Wako akina mama wanaompeleka mtoto kliniki kila mwezi bila kukosa, lakini wao wenyewe hawajaguswa na mkono wa mhudumu tangu siku ya kujifungua.

Kukimbia na kuruka kusianze kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kuanze polepole. Mkojo ukichuruzika unapokimbia, au ukihisi uzito kana kwamba kitu kinataka kutoka ukeni, rudi nyuma ngazi moja na uonane na mhudumu. Tatizo hilo hutokea kwa akina mama wengi, lakini usilikubali kuwa ndiyo hali yako ya maisha. Linatibika.

Ukiona damu inazidi badala ya kupungua, homa, maumivu ya mguu mmoja pamoja na uvimbe, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Na anayenyonyesha anaweza kufanya mazoezi bila kuharibu maziwa yake. Anyonyeshe kwanza ili matiti yawe mepesi, anywe maji ya kutosha, na ale chakula cha kutosha, maana sasa anakula kwa ajili ya kazi mbili.

Mwenye kufuata ngazi hizi hafiki kwa siku moja, lakini hufika. Na huyu tunayemsimulia alifika mbali.

KUMAMOTO, DESEMBA 2019

Mwaka 2019 Team Esbjerg ilikuwa bingwa wa Denmark tena. Mwishoni mwa mwaka huo mashindano ya dunia yalifanyika Kumamoto, nchini Japani. Uholanzi ilipangwa kundi moja na Norway, Serbia, Slovenia, Cuba na dada zetu wa Angola, wanaoiongoza Afrika katika mchezo huu.

Mechi ya kwanza kabisa Uholanzi ilifungwa na Slovenia 32 kwa 26. Mwanzo mbaya kama huo huwavunja wengi moyo. Lakini wale mabinti walijikongoja wakavuka makundi, wakafika nusu fainali, wakaitoa Urusi kwa bao moja, 33 kwa 32.

Fainali ilikuwa tarehe 15 Desemba, dhidi ya Hispania. Sekunde chache kabla ya mwisho timu zilikuwa sawa, 29 kwa 29. Uholanzi ikapewa penalti, ambayo katika mchezo huu hupigwa kutoka mita saba, mpigaji akitazamana na mlinda mlango peke yake. Lois Abbingh akasimama, akapiga, akafunga. Zilikuwa zimebaki sekunde sita. Uholanzi 30, Hispania 29. Wale waliokosa kwa bao moja huko Rio, wakakosa kwa bao moja huko Gothenburg, sasa walipata kwa bao moja. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo timu yoyote ya Uholanzi, ya wanawake au ya wanaume, kuwa bingwa wa dunia katika mpira wa mikono.

Waamuzi wa mashindano walipomchagua mchezaji bora kuliko wote wa michuano ile, walimtaja Estavana Polman. Mtoto wake alikuwa na miaka miwili na ushei.

Tunawaomba wale wanaosema "mwili ule haurudi" wauangalie mwaka huo kwa makini. Mwili wake ulirudi, tena ukawa wa kwanza. Lakini tuwe waaminifu pia: ulirudi kwa sababu alikuwa na klabu iliyomtunzia nafasi, mshahara, madaktari na walimu wa mazoezi. Mama anayerudi kubeba ndoo za maji wiki ya pili baada ya kujifungua hana hata kimoja katika hivyo. Huyo tusimwambie, "Mbona mwenzako wa Ulaya aliweza?" Tumsaidie ndoo.

GOTI

Mwanzoni mwa mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliisimamisha dunia. Ligi ya Denmark ilikatishwa njiani na Team Esbjerg ikatangazwa bingwa, maana ndiyo iliyokuwa ikiongoza. Msimu mpya ulipokuwa unaanza, mchezaji bora wa dunia akaumia goti. Kano ilikatika.

Desemba ya mwaka huo mashindano ya Ulaya yalifanyika Denmark, nchi aliyokuwa akiishi na kufanya kazi. Walicheza bila yeye. Mwaka mmoja kabla alikuwa juu ya jukwaa la Kumamoto.

Tueleze kidogo ni kitu gani kilichokatika. Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama herufi X, moja ikipita mbele na nyingine nyuma. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi. Mchezaji anapotua kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka na likaingia ndani huku mwili unageuka, mzigo wote huiangukia kano hiyo. Mara nyingi hakuna hata mtu aliyemgusa. Yeye mwenyewe husikia mlio kama kitu kimepasuka, goti huvimba ndani ya saa chache kwa sababu ya damu inayovujia ndani, na akijaribu kusimama huhisi linamtoka.

Kano hiyo ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe kama mfupa. Mtu anayetaka kurudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka mara nyingi hufanyiwa upasuaji, akatengenezewa kano mpya kutokana na kipande cha kano nyingine ya mwili wake mwenyewe. Kano hiyo mpya huhitaji muda mrefu ili mwili uikubali na iwe imara. Baada ya hapo yapo mazoezi ya miezi mingi ya kuirudishia nguvu misuli ya paja.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu la pili. Maumivu huisha mapema. Uvimbe huisha mapema. Binti hutembea, hucheka, hupanda ngazi, na mzazi huona amepona. Lakini kano iliyo ndani bado changa. Wataalamu hushauri isipungue miezi tisa kabla ya kurudi mchezoni, na wengi huhitaji mwaka mzima, kwa kuwa wanaorudi mapema ndio wanaoumia tena kwa wingi. Miezi tisa! Sisi wanawake hesabu hiyo tunaijua. Hakuna anayemwambia mama wa miezi mitano azae leo kwa sababu tumbo limeshaonekana. Goti nalo lina mimba yake.

Estavana alirudi. Mwaka 2022, baada ya miaka tisa Esbjerg, alihamia klabu ya Rapid ya jijini Bucharest, Romania. Wakati huo alikuwa anafikisha miaka 30, mama wa mtoto anayekaribia kwenda shule, mwenye goti lililokwisha pita mikononi mwa madaktari, na bado kulikuwa na watu waliotaka kumlipa acheze.

TUNAVYOWEZA KUWAKINGA MABINTI

Wasichana huumia kano hiyo mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule. Sababu moja kubwa ni jinsi wanavyotua: wengi hutua wakiwa wamenyooka na magoti yakiingia ndani, na misuli ya nyuma ya paja haijapata nguvu ya kutosha kusaidia. Hilo linaweza kufundishwa.

Ushahidi mzuri unatoka Norway, kwa wanawake wa mpira wa mikono wa madaraja matatu ya juu. Katika msimu wa 1998-99 watafiti walihesabu tu, bila kubadili kitu. Wachezaji 29 walikatika kano ya mbele ya goti. Misimu miwili iliyofuata timu zilifundishwa mazoezi ya dakika kama 15 ya kujiweka sawa na kutua vizuri. Idadi ikashuka hadi 23, kisha hadi 17. Faida ilionekana zaidi kwa timu za daraja la juu kabisa, kwa wachezaji walioyafanya mazoezi kwa uaminifu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha. Mwalimu wa michezo, au mama yeyote, anaweza kuyasimamia:

1. Simama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, ukidakiana mpira na mwenzako. Badilisha mguu.

2. Ruka mbele na utue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yakielekea upande wa vidole vya miguu. Kutua kuwe kwa ukimya. Ukisikia kishindo, hujatua vizuri.

3. Ukishaweza kwa miguu miwili, jifunze kutua kwa mguu mmoja.

4. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole ukiwa umenyooka mgongo mpaka mikono ikudake. Hili hutia nguvu nyuma ya paja.

Mara tatu kwa juma kwa wiki tano hadi saba za mwanzo, kisha mara moja kwa juma msimu mzima.

Na ikiwa binti ameshaumia, siku mbili tatu za kwanza tusilikande goti kwa maji ya moto wala kulisugua kwa dawa kali. Joto huongeza damu na uvimbe. Apumzishwe, awekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, goti lifungwe bendeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Kama lilitoa mlio, kama lilivimba siku ile ile, au kama linamtoka anapotembea, apelekwe hospitali akaonwe na daktari wa mifupa. Asipewe dawa ya maumivu ili amalizie mashindano ya wilaya. Kikombe kile kitakuwapo mwakani; goti lake ni hilo hilo moja mpaka uzee.

NENO LA MWISHO

Tukimtazama Estavana, watu husifu ushujaa wake, na ni kweli ni shujaa. Lakini kinachotugusa sisi ni muda. Mtoto alipewa muda wake. Goti lilipewa muda wake. Nao waliokuwa karibu naye hawakuifunga nafasi yake wakati alipokuwa hawezi kuitumia.

Basi mama ukiwa na mkwe aliyejifungua juzi, au dada wa kazi, au mfanyakazi mwenzako aliye kwenye likizo ya uzazi, mtunzie nafasi. Usimwite kabla ya wakati, na wakati ukifika usimwambie amechelewa. Na binti yako akirudi nyumbani anachechemea, mwambie akae chini, umtazame hilo goti leo hii kabla hajaenda mazoezini tena.